Jibu: Saratani ya utumbo wa mama imefika kwenye ini, je, ana saratani mbili?

Pole sana ndugu yangu, na mama mpe pole. Hapana, ni saratani ileile moja. Seli za utumbo mpana hubaki za utumbo hata zikihamia kwenye ini, ndiyo maana anapewa dawa za saratani ya utumbo.

Umeuliza kwa nini ini. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, kupitia mshipa uitwao vena porta, kabla ya kurudi moyoni. Seli zilizobanduka hunasa kwenye vijishipa vyembamba mle. Nyingi hufa; chache huota.

Mimi niko maabara ya patholojia, tunakochunguza vipande vya mwili vilivyotolewa kwa wagonjwa. Ukikata kipande cha ini lenye saratani, ini lenyewe ni laini, rangi ya hudhurungi. Uvimbe ni mweupe, mgumu, na katikati mara nyingi umeoza kwa kukosa damu. Habari yenyewe iko ukingoni, pale uvimbe unapokutana na ini. Kuna uvimbe uliozungushiwa ukuta wa kovu, umetengana na ini. Huo kwa kawaida una matumaini zaidi baada ya upasuaji. Mwingine hauna ukuta: seli zake huchukua nafasi ya seli za ini, moja baada ya nyingine, na kutumia mishipa ya damu iliyopo tayari. Huo ni mkaidi, hata kwa dawa za kuzuia mishipa mipya isiote.

Tafadhali, picha za sitiskani (CT scan) zionwe na daktari bingwa wa upasuaji wa ini, aone kama uvimbe unaweza kukatwa. Ini lenye afya hukua tena hata likikatwa zaidi ya nusu.