Nyota yenye moyo wa fuwele: je, ni almasi?

Swali: Mimi ni sonara, Mji wa Kale, Mombasa. Mjukuu wangu ashikilia kuwa iko nyota ambayo ndani ni almasi tupu. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Fuwele ni kweli. Almasi, hapo ningemrekebisha kidogo.

Nyota anayoisema ni kibete cheupe, yaani masalia ya nyota iliyokuwa mfano wa Jua letu ikamaliza fueli yake. Kinachobaki ni kiini cha kaboni na oksijeni, chenye ukubwa wa karibu na Dunia lakini kizito karibu sawa na Jua. Kijiko kimoja cha chai kingekuwa na tani kadhaa.

Kwa mgandamizo huo, elektroni huachana na atomi zao na kutembea huru. Viini vya atomi vyote vina chaji chanya, basi vinasukumana. Joto likiwa kali mno, vinahangaika ovyo kama maji yanayochemka. Likishuka hadi nyuzi milioni chache, kila kimoja hutulia mahali pake, mbali na jirani zake kadiri inavyowezekana, safu kwa safu. Huko ndiko kuganda, na safu hizo ndizo fuwele.

Almasi unayoitia kwenye pete ni kinyume chake. Atomi zake zimeshikana, kila moja na wenzake wanne, kwa kushirikiana elektroni. Kule kwenye kibete, viini vya kaboni vinapangwa na kusukumana, na tena vimechanganyika na vya oksijeni.

Mwanafizikia wa nyota Hugh Van Horn alilitabiri jambo hili la kuganda mwaka 1968. Lakini nani ataingia ndani akaangalie? Muuza nazi huitikisa nazi sikioni akajua hali ya ndani bila kuipasua. Kibete kiitwacho BPM 37093, kilicho umbali wa miaka-nuru 50 hivi, hutetema chenyewe, na mwaka 2004 Travis Metcalfe na wenzake waliitumia mitetemo hiyo kukadiria kuwa sehemu kubwa yake imeshaganda. Mwaka 2019 data za chombo cha angani Gaia zikaongeza ushahidi: vibete vingi vimerundikana kwenye hatua moja ya kupoa, kwa sababu kuganda hutoa joto na kukichelewesha kibete kupoa.

Mwezi wa Mei, saa tatu usiku, mpeleke mjukuu ufuoni mtazame kusini. Tafuteni nyota nne za Salibu, zilizokaa kama msalaba, kisha mpande juu karibu upana wa ngumi, mkono ukiwa umenyooshwa. Hiyo BPM 37093 kwa macho hamtaiona, ni hafifu mno, lakini ipo papo hapo.