Miaka kumi ya sinema ndani ya dakika 15

SWALI: Shikamoo anti. Niko chuo, mwalimu katugawia kila mtu muongo wake wa historia ya filamu, mi nimeangukiwa na 1920 mpaka 1929, dakika 15 mbele ya darasa. Nina slaidi 46 na sijafika hata 1925, ni majina na tarehe tupu mpaka mwenyewe nikizisoma nasinzia. Nikate nini?
Wa Slaidi 46

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama we mwenye kazi unasinzia basi darasa litakoroma kabisa. Unawapitisha watu mwaka kwa mwaka kama kalenda, acha hiyo, shika jambo moja lililobadilika uone linavyouvuta muongo mzima, na kwa miaka hiyo mi ningeshika sauti tu, wala nisingefikiria mara mbili.

Oktoba 1927 Warner Bros. wanatoa The Jazz Singer. Wengi huandika ndo filamu ya kwanza kuongea, usiingie mkenge huo, filamu fupi zenye sauti zilishakuwepo, na hii yenyewe sehemu kubwa ni bubu, unasoma maandishi, mara paap mwigizaji mkuu Al Jolson anaimba na kuongea. Sauti haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye santuri inayozunguka sambamba na projekta, sasa sindano iruke kidogo, au mkanda ukatike wauunge bila vipicha viwili vitatu, hapo mdomo umeshafungwa ndo neno linafika. Waigizie hilo darasani, hakuna atakayelala.

Halafu kamera. Zilikuwa na kelele na maikrofoni inazidaka, basi wakazifungia ndani ya vibanda na mpiga picha wake humo humo anachemka, kamera iliyozoea kutembea ikagandishwa. Usieleze sana, weka klipu mbili za sekunde 40: Sunrise ya 1927, isiyo na mazungumzo, pale kamera inapomfuata mwanaume usiku kwenye vichaka, kisha Lights of New York ya 1928, filamu ndefu ya kwanza kuongea mwanzo mwisho, ambapo watu wamejibana karibu na maikrofoni iliyofichwa. Nyamaza, waangalie wenyewe.

Filamu za Ujerumani na za Wasovieti zipe slaidi moja moja. Oscar za kwanza za Mei 1929 toa tu, haziongezi kitu kwenye hoja yako.

Ila usiseme "filamu za enzi hizo zote zilikuwa hivi". Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilikuta kwamba katika filamu ndefu bubu za Marekani karibu 11,000, asilimia 14 tu ndo zimebaki katika umbo lake la mwanzo, kwa hiyo unahukumu kwa makombo. Soma na magazeti ya sinema ya wakati ule, maktaba ya mtandaoni ya Media History Digital Library wameyaskani na ni bure, utakuta watu wanabishana kama sauti itadumu.

Klipu ziweke kwenye flashi, usitegemee intaneti ya ukumbini, na kagua spidi maana filamu bubu zikichezwa haraka kila mtu anaonekana anakimbilia choo.