Mwalimu mlezi asitoke darasani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma ualimu wa shule za msingi hapa Mwanza. Kwenye BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) ya kwanza nilipangiwa Darasa la Tatu lenye watoto zaidi ya mia. Siku ya pili mwalimu wa darasa alinikabidhi chaki na kitabu, akaniambia "karibu kazini", na sikumwona tena mle ndani mpaka wakufunzi walipokuja kunikagua. Nimesikia kuna miji ya Marekani ambako mwalimu mtarajiwa hukaa mwaka mzima darasani pamoja na mwalimu mzoefu. Kwetu linawezekana? Na BTP ijayo niombe kurudi shule ileile?
Mwanachuo, Nyamagana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichosikia ni kweli. Chicago walianza mwaka 2001, Boston mwaka 2003. Kule Boston mwanafunzi wa ualimu huwa darasani na mlezi wake siku nne za wiki, siku ya tano anasoma nadharia, na hupewa posho ya kujikimu. Wazo lilitoka kwa madaktari. Hata pale Bugando, daktari wa intani haachiwi wodi peke yake. Ana mkubwa wake wa kumwelekeza.

Nasi tuna historia yetu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi upesi, maelfu ya vijana tuliomaliza darasa la saba tulijifunza ualimu tukiwa shuleni, tunafundisha huku tunasoma. Mimi nilipelekwa Ukerewe. Mzee aliyenilea alikaa nyuma ya darasa na kipande cha karatasi, kipindi kikiisha ananionyesha majina ya watoto waliokaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi wao nyumbani walisema Kikerewe au Kijita, Kiswahili bado hakijawakaa mdomoni. Kwa ile karatasi nilijifunza kumtafuta mtoto asiyenyoosha mkono.

Miaka ya MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, mafunzo ya Daraja la IIIA, cheti cha walimu wa msingi, yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni. Mpango mzuri kabisa. Lakini walimu walikuwa wachache na watoto wamefurika, kwa hiyo wengi niliowaona mimi walipewa madarasa yao mara walipofika. Mwaka wa kulelewa ukageuka mwaka wa kuziba pengo. Ndilo lililokupata wewe, na linaniuma, kwa sababu darasa la watoto mia ndilo linalohitaji zaidi watu wazima wawili kwa wakati mmoja. Mmoja akiwa ubaoni, mwingine anakaa na wale ambao hawajajua kusoma.

Wiki chache hazitoshi kulijua darasa. Huku ziwani dagaa huvuliwa giza la mwezi. Siku hizo utakuta watoto wengine wako mwaloni wanasaidia kuanika, na waliofika shuleni wanasinzia. Mgeni atasema hawana bidii. Mwalimu aliyekaa hapo anahesabu mwezi, na mada ngumu ya Hisabati anaisogeza mpaka mbalamwezi irudi.

Kwa hiyo ndiyo, linawezekana, ila kwa gharama. Mwalimu mlezi apunguziwe vipindi vingine, maana kulea ni kazi, na mwanachuo apate pa kulala na cha kula kwa mwaka mzima. Bila hayo mawili tutarudia yaleyale ya MMEM.

Wewe usingoje sera. Ukishapata barua ya shule, mtafute mwalimu wa darasa mapema, kwa adabu, umwombe asitoke. Wiki ya kwanza ita mahudhurio na ukae na kikundi kimoja cha kusoma. Kisha omba dakika za mwanzo za somo, baadaye somo zima, mwisho siku nzima, naye akiwemo. Andalio la somo mliandike pamoja. Chukueni madaftari kumi, kila mmoja asahihishe kivyake kwenye karatasi ya pembeni, halafu mlinganishe: palepale utaona yeye anaangalia nini ambacho wewe hukukiona. Na walimu wakikutana kwa ajili ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, omba uketi nao. Usibaki ofisini ukisahihisha.

Akikwambia amechoka, usibishane naye. Omba vipindi viwili tu kwa wiki ambavyo atakaa nawe, na wewe umsaidie madaftari ya darasa lake jingine.

Kuhusu shule: rudi hapohapo ukiruhusiwa. Majina ya watoto unayajua, na hao ni wengi mno kuanza nao upya. Ila zungumza na mwalimu mkuu kabla ratiba haijapangwa, umweleze unahitaji mlezi wa kukaa nawe darasani, bila kumshtaki yule wa kwanza. Kama watoto wako wamepanda Darasa la Nne, omba uwafuate huko.