Betri Mpya Mbili, na Gari Bado Haliwaki

SWALI: Kwako Fundi, nina gari aina ya Toyota Corolla la mwaka wa 1998, ambalo hulitumia siku za kazi kutoka Umoja hadi Eneo la Viwanda. Nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi nikipiga stata husikia "tik" moja tu na taa za dashibodi hufifia. Jirani akinisaidia kwa betri yake linawaka mara moja, nami huendesha wiki nzima bila tatizo. Nimenunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na sasa fundi wangu anasema alteneta, ile inayoichaji betri injini ikizunguka, imekufa. Je, niende Barabara ya Kirinyaga kutafuta nyingine?
Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu msomaji, usiende bado. Zitazame tena siku ulizozitaja. Alteneta iliyokufa haingoji wikendi. Ingekuzimia gari Jumanne au Jumatano, katikati ya foleni ya Barabara ya Jogoo, taa nyekundu ya betri ikiwa imewaka mbele yako. Gari linalokwenda wiki nzima kisha likagoma baada ya kulala siku mbili huwa na kitu kinachonyonya umeme likiwa limezimwa, na betri ya tatu nayo itanyonywa vilevile.

Tafuta mita ndogo ya umeme ya dijitali, ambayo bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya betri. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma takribani volti 12.6 kati ya taminali zake mbili, yaani vichwa vinavyofungwa waya. Injini ikinguruma, taminali hizo hizo zinapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ukipata hivyo, alteneta inachaji, na hoja ya fundi wako imedhoofika, ingawa haijafa, kama utakavyoona.

Kisha pima umeme unaotoka gari likiwa limelala. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti, na uuache mlango wa dereva wazi huku umekibana kitufe cha taa kilicho kwenye fremu ya mlango ili taa ya ndani izime, la sivyo utaipima taa hiyo ukidhani umepata ugonjwa. Fungua waya wa hasi kwenye betri, weka mita kwenye ampea 10, kisha ushike ncha moja kwenye waya huo na nyingine kwenye taminali, ili umeme wote upitie ndani ya mita. Usipige stata mita ikiwa hapo: stata huvuta zaidi ya ampea 100, na fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Subiri dakika kumi. Gari la umri huo, pamoja na saa, redio na kompyuta yake ya injini, halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Ukisoma ampea 0.5, piga hesabu: tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni takribani saa 60, kwa hiyo umepoteza ampea-saa 30 katika betri ambayo huenda ina 45 tu.

Hapo chomoa fyuzi moja moja, ukirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata, na mwenzako akiisoma mita. Itakayoiangusha namba ndiyo njia ya kufuatwa. Katika magari ninayoyafungua hapa Nairobi, mimi huanza kuzishuku waya zilizoongezwa baadaye, si za kiwandani: alamu, redio kubwa, kifaa cha kufuatilia gari, zote zimesokotwa chini ya usukani na kuzungushiwa utepe ambao gundi yake imeshayeyuka kwa joto. (Kama gari lina mkopo, usikate waya wa kifaa hicho kabla ya kuwaarifu waliokukopesha.) Usiisahau taa ya buti. Weka simu ndani ikirekodi video, funga, hesabu hadi kumi, ufungue. Ukiona mwanga kwenye video baada ya kufunga, swichi ya buti imeharibika.

Ikiwa hakuna fyuzi iliyobadilisha chochote, ndipo tunamrudia fundi wako. Tenga kabisa waya wa hasi wa betri, fungua waya mnene ulio nyuma ya alteneta, uufunge kwa mpira usiguse chuma, kisha uirudishe mita. Namba ikianguka, daiodi moja ya alteneta, yaani kijenzi kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, inavuja: alteneta huchaji mchana na kunyonya usiku. Hata hapo, mwulize kama anaweza kubadilisha daiodi pekee kabla hujanunua alteneta nzima.

Na betri uliyo nayo sasa, kwa kuwa imeshushwa mara nyingi, ichajiwe kwa chaja usiku kucha baada ya matengenezo, kisha uipime tena asubuhi. Ikishindwa kufika volti 12.4, sahani zake zimeshaharibika, na hapo ndipo utakuwa na sababu ya kununua nyingine.