Wageni wa njano wa Dunga

SWALI: Shikamoo mzee. Ufukweni Dunga naona ndege wadogo wa njano wakifuata ng'ombe. Mwezi wa tano hawapo. Huenda wapi? – Msomaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao, waitwao kwa Kiingereza "yellow wagtail", ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Huanza kufika Septemba wakikimbia baridi, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wamesharudi kwao kutaga. Ng'ombe akitembea wadudu huruka, nao huwadokoa pale pale penye kwato. Mkia hautulii hata kidogo!

Nenda Machi, asubuhi na mapema, jua likiwa mgongoni mwako. Madume yamekwisha kubadili manyoya: kifua njano ya kuwaka, kichwa cha huyu cheusi tititi, cha yule kijivu. Usidhani ni ndege tofauti. Ni aina moja, ila kila kundi lina nchi yake ya kuzaliana. Darubini si lazima, hawaogopi sana watu.

Ukisikia mlio mkali ndani ya mafunjo, subiri. Akitokeza mwenye tumbo jekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, huyo si mgeni. Ni mwenyeji wa mafunjo, na mafunjo yakifyekwa hana pa kuhamia.