Polarimita haihesabu sitrali

Swali: Nakeneka mafuta ya mchaichai hapa Masaka. Mnunuzi wa Kampala anataka sitrali (kiungo kikuu kinachoyapa harufu ya limau) isipungue asilimia 75. Nimeazima polarimita ya kiwanda cha sukari, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyozungusha mwanga, bomba la milimita 200, ikasoma digrii −2. Fundi mmoja ameniuzia fomula ya kupata asilimia, lakini majibu yake hayaeleweki. Nakosea wapi?

Jibu: Gawanya −2 kwa mbili, kwani viwango vya mafuta huandikwa kwa bomba la milimita 100. Unabaki na −1, na mchaichai hucheza kati ya −3 na +1 hivi. Kazi ya polarimita kwako imeishia hapo.

Sitrali haizungushi mwanga hata kidogo. Kinachozungusha ni molekuli yenye kulia na kushoto, kama jozi ya ndara, na sitrali haina pande hizo. Hiyo −1 yako inatoka kwa vitu vingine vilivyomo kwa kiasi kidogo: limonini, linaloli, sitronelali. Kimoja kinavuta kulia, kingine kushoto, nawe unasoma kilichosalia. Aliyekuuzia fomula amekuuzia hewa.

Hawa watu wananichosha. Juzi nililetewa cheti chenye muhuri wa bluu, "usafi 97%", kipimo pekee kikiwa polarimita. Nilidondosha tone kwenye karatasi ya chujio, na kesho yake asubuhi doa lilikuwa linang'aa vilevile. Mafuta ya kula! Alizeti karibu haizungushi chochote, kwa hiyo hata ukijaza nusu ya chupa, −1 inakuwa −0.5, na bado umo ndani ya kiwango.

Kwenye mafuta ya chungwa, yenye limonini zaidi ya asilimia 90 na kipimo cha +94 hadi +99, alizeti ingeshusha namba ukaiona. Ila mjanja anaongeza limonini ya bei rahisi, namba inapanda tena.

Wewe tafuta chupa ya kasia, ile ya shingo ndefu yenye alama. Mililita 10 za mafuta, mmumunyo wa sodiamu baisalfaiti, iweke kwenye maji yanayochemka huku ukiitikisa. Aldehidi, kundi la kemikali ambamo sitrali imo, huingia majini, mafuta mengine huelea shingoni. Yakibaki mililita 2.5, aldehidi ni asilimia 75. Sitronelali nayo ni aldehidi, imehesabiwa humo, kwa hiyo mnunuzi makini bado atakudai kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha kila kiungo.