Usiipake Dodoma Kijani

Kila mwaka vijana wawili watatu hunitumia ujumbe wenye swali lilelile: "Dada, nataka kuchora mandhari kama wewe, nianzie wapi, na je, inalipa?" Nimejibu kwenye simu mpaka kidole gumba kimeota sugu. Leo nayaandika hapa, anayetaka asome mara moja.

Inalipa, ila inachelewa. Mimi nilianzia kwenye mabango pale Majengo, hapa Dodoma. Nimeandika "Saluni ya Kike" na "Hapa Mkopo Hakuna" kwenye kuta nisizoweza kuzihesabu, na nimechora kuku wa bucha ambaye mtaa mzima ulisema ni bata. Kwa miaka sita mabango ndiyo yalilipa kodi ya chumba, huku picha za mandhari zikilala chini ya kitanda. Ya kwanza kuuzika niliitoa kwa shilingi 40,000, na fremu peke yake ilikuwa imenila 25,000. Kwa hiyo usiache kazi yako kesho asubuhi.

Jua pia kwamba utakuwa unauza kitu ambacho mnunuzi hakuja kukitafuta. Mgeni akisikia "mchoraji wa Tanzania" anawaza Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972, na hadi leo mtindo wake unalisha familia nyingi. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini ukimwekea mgeni yuleyule picha ya uwanda wa Bahi mwezi wa tisa, vumbi, ng'ombe saba na anga tupu, atakuuliza twiga yuko wapi.

Sasa niseme jambo lililonigharimu zaidi.

Mwaka 2014 nilipata kazi ya hoteli moja hapa mjini, sitaitaja. Picha tisa za vyumbani, mandhari ya Dodoma. Nikapeleka michoro ya awali. Meneja akaitazama akakunja uso: "Dada, mbona kukavu hivi? Wageni wanataka kuona uhai. Weka majani." Kodi ilikuwa inadaiwa. Nikaweka majani. Uwanda wa Bahi ukawa kijani kama kiwanja cha mpira, ng'ombe nikawanenepesha, maji nikayajaza kwenye korongo ambalo nililivuka kwa ndala wiki hiyohiyo.

Siku ya kuzitundika, mlinzi wa pale, mzee wa Kigogo aliyekulia uchungani hukohuko Bahi, alikuja kunisaidia kubeba. Akaishika picha kubwa kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho.

"Mwanangu, huu ni mwezi gani?"

"Kwa nini, babu?"

"Majani haya ni ya mwezi wa pili. Mbuyu huu hauna jani hata moja, huu ni wa mwezi wa nane. Na hawa ng'ombe sijui ni wa nani, maana wa kwetu mwezi wa nane mbavu unazihesabu ukiwa barabarani."

Nilicheka naye. Usiku sikulala. Tangu hapo mtazamaji ninayemwogopa ni mtu aliyechunga ng'ombe mahali ninapopachora, kuliko yeyote mwenye shahada ya sanaa. Hoteli yenyewe ilisema kijani hakijakolea, ikalipa nusu, na ile nusu nyingine naisubiri mpaka leo.

Mteja akitaka kijani, mwambie asubiri mvua. Dodoma ina kijani chake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na mwezi wa pili uwele ukisimama na mibuyu ikivaa majani, huna haja ya kudanganya. Nenda ukachore Februari ndani ya Februari. Ukichukua majani ya Februari ukayabandika kwenye ardhi ya Agosti, picha nzima inageuka uongo, na mtu asiyejua hata kushika brashi atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Kiangazi chetu chenyewe kina rangi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Muulize mtu yeyote mbuyu una rangi gani, atakwambia kijivu au kahawia. Sasa toka uende upande wa Chamwino, saa moja asubuhi, ukae mbele ya mbuyu mmoja. Upande unaopigwa na jua gome lina uwaridi, kama ngozi ya ndani ya kiganja. Upande wa kivuli ni zambarau iliyofifia. Chini, karibu na mizizi, kivuli kinapata wekundu, kwa sababu udongo unarudisha mwanga juu. Mimi nachanganya bluu ya altramarini na kahawia nyekundu, naongeza nyeupe, na tone la nyekundu kadiri ninavyoshuka kwenye shina. Nyeusi ya kwenye tyubu siigusi. Kivuli cha Dodoma hakina nyeusi, kina anga ndani yake. Na vile vigingi ambavyo warina asali wamevipigilia ili wapande, pamoja na makovu ya gome lililobanduliwa kwa ajili ya kamba, vichore. Nguzo za umeme nazo zichore. Usimsafishe mbuyu kama unampeleka harusini.

Kuhusu saa, fanya kazi kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi, kisha rudi saa 10 jioni. Katikati hapo nenda kanywe chai. Mwezi wa 10 jua linapita utosini kabisa, vivuli vinajificha chini ya vitu, mlima wote unakuwa bapa kama chapati. Ukifika mahali, dakika ishirini za mwanzo zitumie kuweka vivuli tu, halafu visahau. Kosa la kila anayeanza ni kukifuata kivuli kinavyohama, mwisho picha ina jua la asubuhi kushoto na la jioni kulia.

Vumbi nalo lisome. Vitabu vitakwambia milima ya mbali huwa ya bluu. Kwetu Agosti, upepo ukiwa umeshafanya kazi yake, milima ya mbali ina rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai. Mvua ya kwanza ikipiga, kesho yake vilima vimesogea karibu, unahesabu majabali moja moja. Picha zangu mbili za Mlima wa Simba, zilizopishana siku nne tu, watu hudhani ni milima miwili.

Ndiyo maana naandika nyuma ya kila mchoro. Tabia hii nimeiiba kwa Mwingereza John Constable. Miaka ya 1821 na 1822 alikuwa akipanda Hampstead, nje kidogo ya London, kuchora mawingu kwa rangi za mafuta kwenye karatasi, na nyuma yake akaandika tarehe, saa na upepo unakotoka. Huyu ni mtu ambaye kwao alikuwa hauzi sana, halafu mwaka 1824 akapewa medali ya dhahabu Paris. Mimi naandika vivyo hivyo kwa penseli: mahali, tarehe, saa, upepo, na wakati mwingine nani alipita na alisema nini.

Nilidhani ni mapenzi yangu binafsi tu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, tumekua tukiusikia kama hadithi ya sungura. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli, na 2019 ofisi za wizara zikawa zinafunguliwa Mtumba. Mimi nilikuwa na michoro midogo ya Mtumba ya miaka ya nyuma: vichaka, majabali, njia ya mbuzi. Nilivionyesha vipande kumi na vinne kwenye ukuta wa mgahawa wa rafiki yangu, nyuma ya kila kimoja tarehe na saa. Vilikwisha ndani ya wiki mbili. Walionunua wengi walikuwa watumishi waliohamia, kila mmoja akitafuta pale ilipo ofisi yake sasa. Mmoja alikinunua kichaka.

Vifaa nitavipitia haraka. Turubai la dukani ni ghali, na rangi za mafuta nzuri bado naziagiza Dar zije na basi. Kwa mazoezi tumia hadibodi iliyopigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe ya ukutani mara mbili. Ukitaka nguo, nunua amerikani, ifue ili irudi kabisa, ivute kwenye fremu ya mbao, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, ndipo nyeupe. Angalia mbao tu. Hewa yetu ni kavu mno, mbao mbichi ikifika hapa inajipinda yenyewe ndani ya mwezi, na fundi atakuapia kwamba uliiweka juani.

Pesa. Chukua nusu kabla hujagusa brashi, hata kama mteja ni shemeji yako, hasa kama ni shemeji yako. Andika kwenye karatasi kwamba unauza picha, na haki ya kuichapisha inabaki kwako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini haitakuja kukugongea mlango. Mimi mchoro wangu mmoja nilikutana nao kwenye kalenda ya kampuni, ukutani kwa kinyozi, mwezi wa Juni. Walikuwa wameukata ng'ombe wawili. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, sajili kazi zako mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Ukipata siku mbili, nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Usiende kujifunza mtindo. Nenda uangalie wekundu ule, kisha utazame udongo unaokanyaga.

La mwisho ni la usafiri, maana hakuna aliyewahi kuniambia. Picha ya mafuta inarudi nyumbani ikiwa mbichi. Ukipanda bodaboda, ishike kwa ubavu, makali yaelekee upepo, uso wa picha uelekee kwako. Mimi yangu niliishika kama sinia. Karibu na Ihumwa ikageuka tanga, ikaniponyoka, ikalala kifudifudi barabarani. Dereva aliiokota akanikabidhi kwa unyenyekevu: "Pole sana, dada, imeingia mchanga." Nilijaribu kuutoa kwa kisu nikaacha. Picha hiyo iko kwa mwanamama mmoja Area C, na mchanga wake wote.